Jibu la Mtaalamu: Kwa Nini Mchuzi Wangu wa Kihindi Unabaki na Ladha ya Bizari Mbichi?

Swali. Msomaji wa Mbeya anaandika: "Napenda sana vyakula vya Kihindi ninavyoviona kwenye simu, na nimejaribu kuvipika kwa ajili ya familia yangu ya watu sita. Nakaanga kitunguu kidogo, natia nyanya, kisha nyama au maharage na maji, halafu vikichemka natia vijiko viwili vya bizari ya mchuzi ya pakiti. Mchuzi unatoka na ladha ya unga mbichi, na ukikaa kidogo maji yanakuwa kivyake na nyanya kivyake. Isitoshe, nusu ya viungo vinavyotajwa sivioni hapa Mwanjelwa. Nakosea wapi, na kipi naweza kukibadilisha kwa nilicho nacho bila kuharibu chakula? Na je, ni lazima mafuta yawe mengi kiasi kile? Viungo hivyo vitanifaa pia kwa vyakula vya nchi nyingine?"

Jibu. Ndugu msomaji, umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, nami nitaanza na lile la ladha mbichi, kwa sababu ukishalitatua hilo, tatizo la viungo visivyopatikana Mwanjelwa litapungua uzito kwa zaidi ya nusu. Watu wengi huamini kwamba chakula cha Kihindi hushindikana nyumbani kwa kukosa kiungo fulani cha siri. Mimi hufundisha mapishi haya, na ninachokiona kila mara ni kwamba anayekosa kiungo kimoja hupata chakula kizuri chenye upungufu mdogo, ilhali anayeharakisha kitunguu hapati kitu hata akiwa amebeba duka zima la viungo.

Utaratibu ulioueleza ni ule tunaoutumia siku zote kwa mchuzi wa nyumbani, nao hauna ubaya wake. Kasoro yake, tukizungumzia chakula cha Kihindi, ni kwamba bizari inaingia wakati sufuria imeshajaa maji. Harufu ya binzari nyembamba, ya giligilani na ya manjano imebebwa na mafuta yaliyomo ndani ya mbegu na mizizi yenyewe, na mafuta hayo huyeyuka ndani ya mafuta mengine vizuri zaidi kuliko ndani ya maji. Poda ikitupwa kwenye maji yanayochemka inaloweka tu: chembe zinavimba, rangi inasambaa, na ulimi unakutana na ule uchungu wa udongo unaouita unga mbichi. Zaidi ya hayo, maji hayapiti nyuzi joto 100, na huko kwenu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kiungo hakiwezi kukaangika humo hata ukikichemsha kutwa nzima.

Sababu hiyo hiyo inaeleza habari ya kitunguu. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za kitunguu maji ni maji matupu, na muda wote yanapoendelea kutoka, karai halipandi joto kuvuka kiwango cha kuchemka. Kitunguu kinalainika kwa mvuke wake chenyewe lakini hakikaangiki. Maji yakishakwisha ndipo joto linapopanda, na ndipo rangi inapoanza kugeuka kutoka nyeupe ya kung'aa kwenda njano, kisha dhahabu, kisha hudhurungi, na utamu wa mchuzi wote unazaliwa hapo. Vitunguu vitatu vikubwa vilivyokatwa vyembamba huchukua dakika 15 hadi 20 kwenye moto wa wastani. Video zinazosema dakika tano zimekatwa katikati, na ningependa wanaozitengeneza walazimishwe kuonyesha saa ya ukutani. Chumvi kidogo mwanzoni huharakisha kutoka kwa maji. Kifuniko huyarudisha ndani, basi usifunike.

Kitunguu kikishafika rangi ya hudhurungi nyepesi, tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa pamoja, ukoroge kwa dakika moja au mbili mpaka ile harufu kali ya saumu mbichi ipotee. Poda zako ziingie hapo, zikiwa zimekorogwa kwanza na vijiko viwili vya maji kwenye kikombe ili zisiungue zinapogusa mafuta. Nusu dakika inatosha, maana poda huungua upesi kuliko kitu chochote kingine jikoni, na iliyoungua haina dawa isipokuwa kuosha sufuria na kuanza upya. Halafu zifuate nyanya, zilizokunwa au kukatwa ndogo sana, pamoja na chumvi. Kuanzia hapa kaa karibu na jiko. Mwanzoni nyanya zitarusha matone na kutoa mapovu makubwa yenye sauti ya kuchemka. Baada ya dakika kumi hivi mapovu yanakuwa madogo na mazito, sauti inageuka kuwa ya kukaanga, na ukiburuta mwiko chini ya sufuria unaacha njia ambayo haifungiki mara moja. Tazama pembezoni: mafuta yatakuwa yamejitokeza, yakiwa na rangi nyekundu ya mawese. Wahindi wa kaskazini hawasogei kwenye hatua nyingine mpaka waione alama hiyo. Rojo ikishika chini kabla ya kufika hapo, nyunyiza kijiko cha maji, kwangua, endelea. Unaweza kufanya hivyo mara kadhaa, na kila mara rangi itazidi kukolea.

Mchuzi uliofikishwa hapo hautenganiki maji na nyanya, kwa sababu nyanya zimeshapoteza maji yao na kitunguu kimeshavunjika kuwa rojo inayoshikilia kila kitu. Ukishaongeza maji ya mchuzi, yawe ya moto, na uache vichemke taratibu kwa angalau dakika 15.

Kuhusu bizari ya pakiti, sikuambii uitupe. Mchanganyiko wa aina hiyo ulianza kuuzwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa watu waliorudi kutoka India na kutaka ladha ya kule bila kusumbuka, na katika nyumba nyingi za India hauna nafasi, kwa sababu mpishi hutaka kila kiungo kiingie kwa wakati wake. Viungo vizima, kama binzari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, hutangulia kwenye mafuta ya moto kabla ya kitunguu. Vya kusagwa, yaani manjano, giligilani na pilipili, huja baada ya kitunguu kama nilivyoeleza. Mwishoni kabisa, moto ukishazimwa au ukikaribia kuzimwa, hunyunyizwa mchanganyiko wa viungo vya harufu unaoitwa garam masala, ambao ukipikwa muda mrefu harufu yake hupotea. Bizari ya pakiti inataka kufanya kazi zote tatu kwa mkupuo mmoja, na haiziwezi. Kama ndiyo uliyo nayo, itie baada ya kitunguu kwenye mafuta, kijiko kimoja cha chai badala ya viwili, na utashangaa tofauti.

Garam masala haihitaji kununuliwa. Chukua vijiko viwili vya chai vya binzari nyembamba, viwili vya mbegu za giligilani, kimoja cha pilipili manga, karafuu sita, iliki nane na kipande cha mdalasini chenye urefu wa kidole. Vipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka uanze kusikia harufu, viache vipoe, kisha utwange kwenye kinu na uchekeche. Hifadhi kwenye chupa inayofunga vizuri, mbali na jiko. Usitengeneze nyingi, kwa kuwa baada ya miezi miwili au mitatu inabaki vumbi lenye rangi nzuri. Wengine huongeza jani linaloitwa tej patta, ambalo ni la jamii ya mdalasini. Jani la mdalasini linalouzwa na wafanyabiashara wa viungo wa Zanzibar linakaribiana nalo, ingawa lina harufu ya karafuu zaidi, hivyo nusu jani linatosha.

Mafuta unayoyaona kwenye video ni ya mkahawa, ambako hutiwa kwa ukarimu ili chakula king'ae na kisishike chini wakati mpishi anahudumia majiko manne. Kwa watu sita, vijiko vitatu au vinne vya chakula vinatosha, mradi una subira na ile mbinu ya kunyunyiza maji kidogo rojo inaposhika. Chini ya vijiko viwili sikushauri, kwa kuwa viungo vitakosa pa kuachia harufu yao. Ukiona mafuta yamezidi juu ya chakula kilichoiva, yaengue kwa upawa na uyatumie kesho kuunga mboga, kwani yamejaa ladha.

Sasa nianze kukupikisha, na nitaanza na kitu ambacho mkoa wako unacho kwa wingi kuliko hata miji mingi ya India. Punjab na Kashmir wana chakula kiitwacho rajma, ambacho si kingine ila maharage mekundu kwa wali mweupe, na ndicho chakula cha siku ya mapumziko katika nyumba nyingi za kaskazini. Loweka usiku kucha karibu nusu kilo ya maharage mekundu makubwa, mwaga maji hayo, tia mapya, na uchemshe kwa moto mkali. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha, na inaharibiwa kwa kuchemka kwa nguvu, si kwa moto wa taratibu. Wataalamu hutaja dakika zisizopungua kumi kwenye nyuzi 100. Kwa mwinuko wa Mbeya mimi ningechemsha kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto. Endelea mpaka punje ibonyee kwa vidole bila ukinzani wowote. Usitie nyanya wala ukwaju kabla ya hapo, kwa maana uchachu hukaza ganda na maharage hayataiva mpaka gesi iishe. Magadi huyalainisha upesi, kama tunavyojua sote, lakini huacha ladha ya sabuni na kupoteza vitamini. Kama maharage si ya mwaka juzi, hutayahitaji.

Wakati maharage yanaiva, tengeneza rojo kwa vitunguu vitatu, nyanya nne, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, punje tano za saumu, kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba nzima mwanzoni, viwili vya giligilani ya kusagwa, nusu ya manjano na pilipili kwa kadiri mnavyoiweza. Mafuta yakishajitenga, mimina maharage pamoja na maji yake, ponda upawa mmoja wa maharage ubavuni mwa sufuria ili mchuzi ushikane, na uache vitokote kwa nusu saa. Nusu kijiko cha garam masala na majani ya giligilani huingia mwisho. Utaona kwamba ulichofanya ni kuunga maharage, jambo ambalo mama zetu wote wanalifahamu. Tofauti ni dakika 30 za rojo na viungo kutangulia maji. Wali uwe mweupe usio na nazi, na mchele wa Kyela unafaa mno hapa, kwa kuwa una harufu yake na hakuna haja ya kulipia basmati ya kutoka mbali.

Chakula cha pili ningependa kiwe dali, yaani mchuzi mzito wa mikunde iliyopasuliwa, kwa sababu kinafundisha mbinu ambayo rajma haina. Dali ya rangi ya manjano inayouzwa ghali kwenye maduka ya vyakula vya kigeni kwa jina la toor dal ni mbaazi zilizobanguliwa na kupasuliwa. Tanzania hulima mbaazi nyingi, hasa Lindi, Mtwara na Manyara, na soko lake kubwa ni India. Ndiyo sababu India ilipoweka kikomo cha uagizaji mwezi Agosti mwaka 2017 wakulima wetu walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Basi tunapeleka mbaazi kule na kuzinunua tena zikiwa kwenye mfuko wenye picha. Ukizipata zilizoparazwa, vizuri. Ukiwa na mbaazi kavu nzima, ziloweke, zichemshe mpaka zivurugike, kisha uzipitishe kwenye chujio pana ili maganda yabaki juu. Choroko zilizoparazwa ni rahisi zaidi na huiva chini ya saa moja, nazo hupikwa hivyo hivyo kote India.

Dali huchemshwa na manjano na chumvi tu mpaka iwe kama uji mwepesi. Ladha huja mwishoni, na huja kwa vurugu. Weka vijiko viwili vya samli kwenye kikaango kidogo au kwenye upawa wa chuma uliouinamisha juu ya moto. Samli ikiwa ya moto sawasawa, tupa punje moja ya binzari nyembamba: ikizama kimya, subiri; ikiruka na kutoa mapovu pale pale, tia kijiko kizima. Mara itaanza kupasuka na kubadilika rangi. Tia punje tatu za saumu zilizokatwa vipande vyembamba, na pilipili kavu mbili. Saumu ikianza tu kuwa ya dhahabu kingoni, mimina vyote juu ya dali na ufunike haraka, kwani itanguruma na kurusha. Iache dakika mbili ndani ya mvuke huo kabla ya kukoroga. Wahindi wa Kigujarati waliokulia Afrika Mashariki huita tendo hilo vaghar, wa kaskazini huliita tadka, na ukiliweza unaweza kuliweka juu ya takriban chakula chochote cha kuchemsha, kuanzia kabichi hadi mtindi. Wagujarati huongeza ndimu na kipande cha sukari guru ili dali iwe na uchachu na utamu kwa pamoja, jambo ambalo watoto hulipenda.

Nakuja kwenye viungo usivyoviona sokoni. Usiogope kubadilisha, maana India yenyewe imebadilisha sana. Vasco da Gama alipofika Calicut mwaka 1498, akiongozwa na rubani aliyempata Malindi, hakukuwa na mpishi hata mmoja wa Kihindi aliyepata kuona nyanya, kiazi, pilipili kali wala maharage mekundu; vyote hivyo vilitoka Amerika na kuletwa na Wareno na wengine waliowafuata. Ukali wa zamani ulitoka kwenye pilipili manga, na uchachu kwenye ukwaju na mtindi. Familia za Kihindi zilizohamia huku zilifanya hivyo hivyo kwa muhogo na ndizi, na waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 wakahamishia muhogo wao wa kukaanga na pilipili mpaka Leicester na London, ambako leo huuzwa kwenye mikahawa kama chakula cha Kihindi.

Pilipili ya Kashmir, ile inayotoa rangi nyekundu bila kuchoma, unaweza kuiiga kwa pilipili hoho nyekundu iliyochomwa na kusagwa, ukaongeza pilipili kavu mbili ulizozitoa kiini cheupe, kwa kuwa ukali mwingi umo kwenye kiini hicho na si kwenye nyama ya nje. Majani ya uwatu yaliyokaushwa hayapatikani kirahisi, lakini mbegu za uwatu zipo kwa wauza dawa za asili: zipashe kidogo, zisage, na utumie ncha ya kijiko tu, maana zikizidi chakula kinakuwa chungu. Mvuje, ambao pwani hutumika zaidi kwa tiba na kufukiza, Wahindi hutia chembe yake kwenye mafuta ya dali, hasa wale ambao dini zao huwazuia vitunguu na saumu. Wewe unayevila vyote viwili huna sababu ya kuutafuta. Haradali nyeusi ikikosekana, tumia binzari nyembamba na usijisumbue. Kuhusu majani ya mchuzi, yale madogo ya kijani ya kusini mwa India, sina kibadala cha kukupa. Jani la "bay" linalotiwa kwenye pilau halina uhusiano nayo hata kidogo. Yaache, au tafuta mche, kwani mti huo hupandwa na Wahindi wengi kwenye nyua zao mijini na huota pia kwenye pipa.

Ushauri wangu mkubwa zaidi kuhusu viungo ni huu: chagua eneo la India linalofanana na soko lako. Ukipika vyakula vya Kerala, utahitaji nazi, samaki wa bahari na majani ya mchuzi kila siku, na hayo ni mapishi ya kumfurahisha mtu wa Tanga au Mombasa ambaye tui limo jikoni mwake tayari. Wewe uko nyanda za juu, kwenye maharage, viazi, kabichi, maziwa, njegere na ngano, na hivyo ndivyo vyakula vya Punjab na Uttar Pradesh. Nimeona watu wakitia tui kwenye kila kitu chenye jina la Kihindi. Dali ya Punjab yenye tui inalika, lakini imekuwa chakula kingine.

Kabichi na viazi vinatosha kukuonyesha hilo. Kaanga binzari nyembamba kwenye vijiko viwili vya mafuta, tia viazi vilivyokatwa vidogo, manjano, chumvi na pilipili ya kijani, vifunike viive nusu kwa mvuke wao, kisha tia kabichi iliyokatwa nyembamba na umalizie bila kifuniko ili maji yakauke. Hakuna nyanya, hakuna mchuzi, na inaliwa kwa chapati. Bamia hupikwa kwa mtindo huo pia, ila zioshwe na kukaushwa kabisa kabla ya kukatwa, na zisifunikwe, zisije zikatoa ute.

Kama una jiko la mkaa, una kitu ambacho mpishi wa ghorofani Mumbai anakionea wivu. Toboa bilinganya kubwa sehemu mbili tatu kwa kisu ili lisipasuke, lilaze juu ya makaa yenyewe, uligeuze mpaka ganda liwe jeusi kabisa na tumbo lilegee. Lifunike kwenye bakuli dakika kumi, menya, na usilioshe, maana moshi ndio unaoutaka. Liponde, kisha lichanganye kwenye rojo ile ile ya kitunguu na nyanya uliyokwisha kujifunza, na upike dakika tano.

Vile vyakula vya mikahawani unavyoviona kwenye simu vinawezekana pia. Jibini laini ya paneer hutengenezwa kwa maziwa fresh ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta: yachemshe, zima moto, tia vijiko viwili au vitatu vya maji ya ndimu kwa kila lita ukikoroga polepole mpaka maji ya kijani hafifu yajitenge, chuja kwa kitambaa, suuza, kamua na ulaze chini ya kitu kizito kwa saa moja. Lita moja hutoa kama gramu 150 hadi 200. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila friji hayafai, kwa sababu joto kali walilotumia kiwandani huyafanya yasigande imara. Kuku wa siagi, ambaye familia mbili zenye uhusiano na mkahawa wa Moti Mahal wa Delhi zilifikishana mahakamani mwaka 2024 zikigombea ni nani aliyembuni, anahitaji krimu, lakini korosho hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Nunua zilizovunjika, loweka kiganja kimoja kwenye maji ya moto, zichemshe pamoja na kilo moja ya nyanya na kipande cha siagi, zisage, uzichuje. Kuku aliyelazwa kwenye mtindi, tangawizi, saumu na pilipili, kisha akachomwa kwenye mkaa, huingia humo mwishoni pamoja na siagi, sukari kidogo na ile chembe ya uwatu.

Mtindi ukitiwa kwenye mchuzi wa moto hukatika na kuwa chengachenga. Upige kwanza na kijiko kimoja cha unga wa dengu, usiwe wa baridi ya friji, utie moto ukiwa mdogo sana, na ukoroge bila kuacha mpaka uchemke tena. Unga huo wa dengu, ambao wauza bajia wanaufahamu, huzuia mtindi usikatike.

Umeuliza kama viungo hivi vitakufaa kwa vyakula vya nchi nyingine. Vitakufaa, bila kununua mengi. Wamorocco huchanganya binzari nyembamba, tangawizi, manjano na mdalasini kwenye nyama inayopikwa taratibu. Wameksiko hutumia binzari nyembamba, pilipili, ndimu na majani ya giligilani pamoja na maharage. Thailand huanza kwa kukaanga viungo vyao vya kutwanga ndani ya tui zito mpaka litoe mafuta, ndipo waongeze tui jepesi, na mchaichai wanaoutumia upo kwenye bustani zetu. Jicho ulilolizoesha kuyatazama mafuta pembezoni mwa sufuria litakusaidia huko pia.

Jambo la mwisho ni muda, kwa kuwa najua dakika 40 za kusimama jikoni hazipatikani kila jioni. Rojo ya kitunguu na nyanya inaweza kupikwa mara moja kwa wiki: kilo moja ya vitunguu, kilo moja ya nyanya, tangawizi, saumu na manjano, bila garam masala. Ikipoa igawe kwenye vibakuli vya mlo mmoja mmoja. Kwenye friji hukaa siku tatu au nne, kwenye friza mwezi. Siku ya kupika, pasha kibakuli kimoja kwa kijiko cha mafuta mpaka usikie kinakaanga tena, tia giligilani na pilipili kwa nusu dakika, ndipo uweke mayai ya kuchemsha, njegere, viazi au kuku.